Kwa Nini Matango Yetu Yanapinda?

Ndugu msomaji, je, umewahi kuvuna matango yaliyopinda kama mundu? Au yenye shingo nyembamba na tumbo kubwa kama chupa? Ulifanya nini? Labda ulilaumu mbegu. Labda ulilaumu jua. Labda ulimlaumu jirani.

Leo tutazungumza juu ya jambo hilo. Tutaona kwamba tango lililopinda mara nyingi ni tango lililokula vibaya. Tutaona pia kwamba mkulima anayejua kusoma anaweza kuitambua sababu mapema, kabla hajapoteza fedha zake.

HABARI YA MAMA MMOJA

Katika vijiji vingi vya mkoa wa Pwani watu hulima matango na kuyapeleka Dar es Salaam. Katika kijiji kimoja yuko mama mmoja, mwanakisomo wetu. Alianza darasa akiwa hajui hata kushika kalamu. Sasa anasoma na kuandika vizuri, na hesabu anazijua.

Mwaka huo mama alikopa fedha katika kikundi chao cha kuweka na kukopa. Alinunua mbegu. Alinunua mfuko mmoja wa mbolea ya urea. Alilima bustani yake karibu na kisima baada ya masika kwisha. Mimea ikatoka vizuri sana. Majani yakawa makubwa na ya kijani kibichi. Kila aliyepita njiani alisimama kuangalia.

Siku ya kuvuna, mchuuzi alikuja na gari lake. Akachagua, akachagua. Aliyachukua yale yaliyonyooka tu. Mengine akayaacha chini. Yaliyobaki yalijaa viroba vitatu.

Nilifika pale siku ya pili yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Lakini umenikuta katika msiba."

"Msiba gani tena, mama?"

"Njoo uone mwenyewe. Hili shamba lina mkono wa mtu. Majani mazuri vile, halafu matunda yawe hivi? Na deni la kikundi nitalipa na nini?"

Niliyatazama matango yale. Karibu yote yalikuwa na sura moja. Upande wa kikonyo, yaani pale tango linaposhikana na mmea, yalikuwa membamba. Upande wa kitako yalikuwa yamevimba. Mimi si bwana shamba. Kwa hiyo tulikwenda pamoja kumwita afisa ugani wa kata. Haya ninayoandika hapa ndiyo tuliyojifunza pamoja naye.

MMEA NAO UNAKULA

Bwana shamba alianza kwa kumwuliza mama swali.

"Mama, mtoto akila uji wa muhogo mtupu asubuhi, mchana na jioni, atashiba?"

"Atashiba."

"Atakuwa na afya?"

"Hapana. Atavimba mashavu na miguu, watu waseme amenenepa, kumbe mgonjwa. Kliniki wametufundisha."

"Basi na matango yako yako hivyo hivyo. Yameshiba chakula cha aina moja."

Mmea hupata chakula chake kutoka katika udongo. Hukinywa pamoja na maji kwa mizizi. Vyakula hivyo ni vingi, lakini vitatu vinahitajika kwa wingi zaidi.

Cha kwanza ni naitrojeni. Hiki hukuza majani na shina. Mmea wenye naitrojeni ya kutosha huwa na rangi ya kijani nzuri.

Cha pili ni fosforasi. Hiki husaidia mizizi kukua na maua kutoka.

Cha tatu ni potashi, ambayo wataalamu huiita potasiamu. Majani hutengeneza sukari kwa kutumia mwanga wa jua. Potashi husaidia kuisafirisha sukari hiyo kutoka katika majani mpaka kwenye tunda. Husaidia pia mmea kutunza maji yake. Potashi ikipungua, tunda halijazwi sawasawa. Sehemu moja hunenepa na sehemu nyingine hukonda.

Tena tango hukua kwa haraka sana. Tangu ua lifunguke mpaka siku ya kuchuma, mara nyingi hazipiti wiki mbili. Kwa hiyo njaa ya siku chache tu huonekana katika sura ya tunda. Mti wa mwembe unaweza kuvumilia. Tango haliwezi.

Sasa tuangalie udongo. Udongo wa sehemu nyingi za pwani ni wa kichanga. Mchanga haushiki maji, na haushiki chakula cha mimea. Mvua kubwa ikinyesha, chakula huzama chini mahali ambapo mizizi haifiki. Potashi ni mojawapo ya vyakula vinavyopotea hivyo. Na mkulima akilima mahali pale pale kila mwaka, akauza mazao na kuchoma mabaki, udongo huzidi kuwa maskini.

SOMA MFUKO WA MBOLEA

Bwana shamba aliomba aone mfuko wa mbolea aliyotumia mama. Mfuko ulikuwa bado upo, mama anawekea mahindi ya kuku.

"Soma, mama," bwana shamba akasema.

Mama akasoma polepole: "U-re-a. Arobaini na sita, sifuri, sifuri."

Mfuko ule ulikuwa umeandikwa 46-0-0. Namba hizo tatu zina maana kubwa. Siku zote hufuata mpango mmoja:

Namba ya kwanza ni naitrojeni.
Namba ya pili ni fosfati, yaani chakula chenye fosforasi.
Namba ya tatu ni potashi.

Kila namba inaonyesha kilo ngapi za chakula hicho zimo katika kilo 100 za mbolea. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nusu ya 46, yaani kilo 23 za naitrojeni. Fosfati ni sifuri. Potashi ni sifuri. Mifuko mingine ya urea huandikwa "46% N" peke yake. Maana yake ni ile ile.

Tuangalie mbolea nyingine. DAP huandikwa 18-46-0. Ina naitrojeni kidogo na fosfati nyingi. Potashi haina. NPK ya 17-17-17 ina vyote vitatu sawasawa. Mfuko wake wa kilo 50 una kilo 8 na nusu za kila kimoja. Iko pia mbolea ya potashi peke yake, iitwayo MOP. Hiyo huandikwa 0-0-60.

Mama alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kumbe mimi nilinunua sifuri mbili, na kusoma najua!"

Tulicheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Wakulima wengi hufikiri mbolea ni mbolea tu. Huenda dukani na kuuliza bei. Mwaka 2022 serikali yetu ilianzisha mpango wa mbolea ya ruzuku kwa wakulima waliojiandikisha, na bei za mifuko zikapungua. Lakini hata mfuko wa bei nafuu ni hasara kama hauna kile ambacho shamba lako linakosa. Kwa mama huyu urea nyingi iliongeza majani. Majani mengi yakahitaji potashi nyingi zaidi. Potashi yenyewe ilikuwa kidogo tangu mwanzo. Matunda yakakosa.

SOMA TANGO NA MAJANI YAKE

Usitazame tango peke yake. Sura moja inaweza kuwa na sababu mbili. Tazama na majani, hasa majani ya zamani yaliyo chini ya mmea.

1. Potashi imepungua. Tango huwa jembamba upande wa kikonyo na hunenepa upande wa kitako. Majani ya zamani huanza kuwa ya njano pembezoni. Baadaye pembe hizo hukauka na kuwa za kahawia, kama zimebabuliwa na moto.

Tuliporudi bustanini tuliinua majani ya juu. Chini tuliona majani ya zamani yamebabuka pembeni yote. Mama alikuwa ameyaona tangu zamani, akadhani ni jua.

2. Naitrojeni imepungua. Mmea wote hudumaa. Majani ya zamani hupauka na kuwa ya njano, jani zima. Matango huwa mafupi, yenye rangi hafifu, na huchongoka upande wa kitako.

3. Naitrojeni imezidi. Mmea hutambaa sana na kufanya majani mengi. Maua na matunda huwa machache na huchelewa. Ukiona hivyo usiongeze urea tena.

4. Kalsiamu imepungua. Hapo tazama majani machanga, siyo ya zamani. Majani machanga hukunjamana na ncha za mmea zinaweza kufa. Hali hii huweza kutokea hata kama kalsiamu imo udongoni, ikiwa mkulima anamwagilia leo na kuacha siku nne, au ikiwa amezidisha potashi. Vyakula hivi hugombania mlango mmoja wa kuingilia katika mizizi. Kimoja kikizidi sana, kingine hubaki nje.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usitoke hapa ukamwaga potashi mifuko mitatu. Kuzidisha nako ni kosa. Tunachotafuta ni chakula cha kupatana.

SI KILA KUPINDA NI NJAA

Yako mambo mengine matatu yanayoharibu sura ya tango. Yachunguze kabla ya kununua mbolea.

Maji. Chimba kwa kidole karibu na shina mpaka kidole kizame chote. Kama udongo ni mkavu huko chini, mmea una kiu. Tango lenye kiu hupinda au hukatika kiuno katikati. Tena huwa chungu. Pia mmea hauwezi kunywa potashi katika udongo mkavu, hata kama imo.

Nyuki. Mtango una maua ya aina mbili. Ua jike lina kitango kidogo nyuma yake. Ua dume halina. Nyuki huchukua unga wa njano, yaani chavua, kutoka ua dume na kuupeleka ua jike. Ni lazima nyuki wafike mara nyingi katika ua moja ili mbegu ziingie vizuri. Wakifika mara chache, mbegu hutokea sehemu moja tu ya tunda. Sehemu yenye mbegu hunenepa, na sehemu isiyo na mbegu hukonda. Tango hilo linaweza kufanana kabisa na tango lililokosa potashi. Utayatofautishaje? Kwa majani. Kama majani ya zamani ni mazima, hayakubabuka pembeni, huenda shida ni nyuki.

Wadudu na magonjwa. Inzi wa matunda hutoboa tango changa na kutaga mayai ndani. Tango hupinda pale lilipotobolewa. Wadudu mafuta nao hueneza ugonjwa wa virusi. Majani huwa na madoadoa ya kijani na njano, na tango huota vinundu. Mmea wa namna hiyo hauponi kwa mbolea. Ung'oe na kuuzika mbali na bustani.

Na kama ni tango moja tu limepinda kati ya mengi mazuri, usihangaike. Labda liliegemea jiwe au lilibanwa na shina.

JINSI YA KUZUIA

Tango likishapinda halinyooki tena. Lichume mapema ulitie katika kachumbari, ili chakula kiende kwa mengine. Kazi kubwa ni kuzuia. Bwana shamba alitupa mpango huu:

Kwanza, tayarisha udongo wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Tia katika kila shimo kilo moja hivi ya samadi iliyooza vizuri, au mboji. Samadi ina vyakula vya aina nyingi, na husaidia mchanga kushika maji. Usitie samadi mbichi. Itaunguza mizizi.

Pili, tumia majivu ya kuni. Majivu yana potashi na kalsiamu. Tia konzi moja katika kila shimo na kuchanganya vizuri na udongo. Yawe majivu ya kuni safi, siyo ya takataka au plastiki. Usichanganye majivu na urea au na samadi mbichi, maana naitrojeni itapotea hewani. Ukisikia harufu kali ya kuwasha pua, ujue fedha yako inaruka. Kama udongo wako una magadi au chumvi, usitie majivu kabisa.

Tatu, wakati wa kupanda tia NPK yenye namba tatu zote, kama 17-17-17. Kisoda kimoja kwa shimo kinatosha. Funika mbolea kwa udongo kwanza, ndipo uweke mbegu. Mbegu isiguse mbolea.

Nne, gawa mbolea ya kukuzia. Katika mchanga usitie yote mara moja. Tia kisoda kimoja kwa mmea unapoanza kutambaa, na kisoda kingine unapoanza kutoa maua. Wakati wa maua na matunda tumia yenye potashi, siyo urea peke yake. Weka mbali na shina kiasi cha upana wa kiganja, funika, halafu mwagilia.

Tano, mwagilia kwa utaratibu. Maji ya kiasi kila siku au kila baada ya siku moja, kufuata udongo wako, ni bora kuliko mafuriko mara moja kwa wiki. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mimea ili udongo usikauke.

Sita, walinde nyuki. Maua ya matango hufunguka asubuhi, na nyuki hufanya kazi wakati huo. Kama ni lazima kupiga dawa ya wadudu, piga jioni, baada ya nyuki kurudi kwao. Soma maelezo ya dawa kwanza.

Saba, simika miti na kamba mimea ipande. Tango linaloning'inia hunyooka vizuri kuliko linalolala chini.

Nane, badilisha mazao. Baada ya matango panda kunde, choroko au maharage. Usipande matango, maboga wala matikiti mahali pale pale mfululizo. Mabaki ya mimea isiyo na ugonjwa yarudishe katika shimo la mboji.

Mwisho, kama kikundi chenu kinalima eneo kubwa, changeni fedha mpime udongo. Upimaji hufanywa katika maabara za udongo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na ile ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, Tanga. Mwoneni afisa ugani awaonyeshe jinsi ya kuchukua udongo wa kupeleka.

MAVUNO YA PILI

Mama hakuwa na fedha za mfuko mwingine mzima. Wanakikundi walikaa wakakubali kumwongezea muda wa kulipa deni. Walinunua mfuko mmoja wa NPK kwa pamoja na kugawana kwa kupima. Samadi aliipata kwa mfugaji jirani. Majivu yalitoka katika jiko lake mwenyewe. Siku zote alikuwa akiyamwaga nyuma ya nyumba.

Mavuno yaliyofuata hayakuwa yote mazuri. Matango mengine yalipinda, maana pampu ya kisima iliharibika wiki moja. Lakini mchuuzi safari hii aliacha ndoo moja tu badala ya viroba vitatu. Deni lililipwa, ingawa kwa kuchelewa.

Nilipomtembelea tena aliniambia hivi: "Mwalimu, yule niliyekuwa namdhania kuwa ndiye aliyenifanyia ubaya, nilikuwa simsalimii. Sasa nimekwenda kwake na matango manne. Nimemwonyesha na namba za mfuko."

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini matango ya mama yalipinda ingawa majani yake yalikuwa mazuri?

2. Tafuteni mfuko wa mbolea uliopo kijijini kwenu. Someni namba zake tatu. Je, una potashi? Kama mfuko ni wa kilo 50, una kilo ngapi za kila chakula?

3. Ukiona tango lenye shingo nyembamba, utajuaje kama ni upungufu wa potashi au ni upungufu wa nyuki?

4. Majivu ya jikoni kwenu huenda wapi?

5. Katika kijiji chenu, watu husema nini mazao yanapoharibika? Mnafanya uchunguzi gani kabla ya kumlaumu mtu?